Maumbile Hayajui Haki: Tafakuri ya Mwanafunzi wa Fasihi kuhusu Kilimo cha Kuiga Maumbile

Jijini Harare kuna jengo ambalo hutajwa karibu katika kila maandishi yanayohusu ubunifu wa kuiga maumbile. Ni jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka wa 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alitakiwa kujenga jumba kubwa ambalo halingehitaji mitambo ya kawaida ya kupoza hewa, ambayo ni ghali kununua na ghali zaidi kuendesha. Akakitazama kichuguu. Inasemekana kwamba mchwa wa jamii fulani huweza kuishi katika hali isiyobadilikabadilika sana ndani ya kichuguu chao, hali nje kunachoma mchana na kunazizima usiku. Pearce alijenga kuta nene zinazohifadhi ubaridi, akaweka feni za kuvuta hewa baridi ya usiku, na juu ya paa akapanga safu za dohani zinazotoa hewa yenye joto. Jengo lilifanya kazi, na linafanya kazi hadi leo.

Sehemu ya kisa hiki ambayo haisimuliwi sana ilikuja miaka 12 baadaye. Mnamo 2008 watafiti wawili, J. Scott Turner na Rupert Soar, walionyesha kwamba kichuguu hakifanyi kazi jinsi wasanifu walivyodhani. Joto la makao ya mchwa hutegemea zaidi udongo unaoyazunguka. Kichuguu chenyewe kinafanana zaidi na pafu linalobadilishana hewa kwa kutumia nguvu za upepo. Kwa maneno mengine, msanifu aliiga matini ambayo watu hawakuwa wameifahamu sawasawa, na bado akapata jengo zuri. Sisi tunaoshughulika na tafsiri hatuna sababu ya kushangaa. Tunazo tafsiri ambazo zimekosea chanzo chake hapa na pale lakini zikasimama imara kwa miguu yao zenyewe.

Nimelitaja suala la tafsiri kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa. Mwaka jana nilipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha Kiingereza kilichonuiwa kuwafaa wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya. Maudhui yake ni kilimo kinachoiga mpangilio wa maumbile na kinachozingatia, kwa mujibu wa utangulizi wake, haki ya kijamii. Malipo yalikuwa haba, ila mchagua jembe si mkulima. Ugumu wa kwanza wa kazi hiyo ulikuwa wa istilahi. Ugumu wa pili ulikuwa mzito zaidi, nao ndio unaonisukuma kuandika katika jarida la chama chetu, ambamo kwa kawaida tunajadili mishororo na vina.

Tuanze na istilahi. Dhana ya kuiga maumbile ilipata umaarufu wa kimataifa baada ya Janine Benyus, mwandishi wa Marekani, kuchapisha kitabu chake kuhusu suala hilo mwaka wa 1997. Kiini chake ni kwamba mbunifu anapokabiliwa na tatizo, ajiulize kwanza ni kiumbe gani ambacho kimekwisha kuishi na tatizo hilo kwa maelfu ya miaka, na kinalikabili vipi. Ndivyo treni ya kasi ya Japani ilivyopata pua iliyochongoka mithili ya mdomo wa mdiria, ndege ambaye huingia majini bila kishindo. Nilizijaribu istilahi kadhaa. "Usanifu wa kimaumbile" ulinipendeza masikioni, lakini mkulima angeweza kudhani unahusu sura ya mwili wake. "Ubunifu asilia" ulileta dhana ya ushirikina au ya ngoma za kitamaduni. Hatimaye nilirudi kwenye kitenzi cha kawaida, kuiga. Najua kitenzi hiki kina doa katika mazungumzo yetu ya kila siku, kwani mwigaji ni mtu asiye na chake. Hata hivyo, yeyote aliyeketi darasani kusoma nadharia ya fasihi anafahamu kwamba tangu enzi za Aristotle uigaji umehesabiwa kuwa zaidi ya kunakili: anayeiga huchagua, hupanga, na kwa hiyo hufasiri.

Katika kilimo, uigaji huu una historia ndefu kuliko istilahi zake. Huko Kansas, Marekani, Wes Jackson alishiriki kuanzisha taasisi ya The Land Institute mnamo 1976, akiwa na wazo la nafaka zitakazodumu ardhini mwaka baada ya mwaka zikiwa zimechanganyika, kama nyasi za mbuga ya asili zilivyodumu kabla ya plau. Karibu nasi zaidi, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na kihamba kabla ya mtu yeyote kukiandikia kitabu. Ukiingia kihambani unaingia katika msitu uliofinyangwa na mikono ya watu: miti mirefu juu, migomba chini yake, mikahawa chini ya migomba, viazi vikuu na mboga chini kabisa, na samadi ya ng'ombe wa zizini ikirudi udongoni. Mnamo 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, liliutambua mfumo huo katika kijiji cha Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa ulimwengu. Nitakirejelea kihamba baadaye, kwa sababu nacho kina siri yake.

Kijitabu nilichokitafsiri kilihusu hasa mbinu iitwayo sukuma-vuta, ambayo wengine huiita vuta-sukuma. (Wanafunzi wa riwaya watakumbuka *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka wa 1999. Wataalamu wa wadudu hawakuikusudia, lakini mimi sikuweza kuisahau kwa muda wote wa kazi.) Mbinu hii ilianza kufanyiwa utafiti katika miaka ya 1990 huko Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, katika kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Mkenya mwenzetu, Profesa Thomas Odhiambo, mnamo 1970. Kundi lililoongozwa na Zeyaur Khan lilishirikiana na watafiti wa Rothamsted nchini Uingereza na wa taasisi ya kilimo ya Kenya. Ningependa kuieleza mbinu yenyewe kwa utaratibu, kwani ina msuko ambao mwandishi yeyote wa hadithi angeuonea wivu.

Kuna maadui wawili. Wa kwanza ni nondo ambaye hutaga mayai yake kwenye mahindi wakati wa usiku. Mayai yakiangua, funza hutoboa bua na kulila kutoka ndani hadi mmea unyauke au uanguke. Wa pili ni gugu ambalo katika Kidholuo tunaliita kayongo, na ambalo Waswahili wa Tanzania hulijua kwa jina la kiduha. Mgeni akilipita shamba lenye kayongo atasifu maua yake ya rangi ya zambarau. Mwenye shamba hana nafasi ya kusifu. Kayongo hushikamana na mizizi ya mhindi chini ya ardhi, ikaufyonza maji na chakula, na kufikia wakati maua yanachomoza mhindi umekwisha kudumaa. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo zinaweza kulala udongoni kwa zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi upite.

Watafiti waliwakabili maadui hawa kwa mimea mingine. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, ambao harufu yake, kwa maelezo ya watafiti hao, humfukuza nondo. Kulizunguka shamba hupandwa nyasi ambazo Kiswahili cha vitabuni huziita mabingobingo na sisi sote huziita nepia. Harufu ya nepia humvutia nondo kuliko ya mahindi. Huenda huko akataga. Funza wakitoka na kuanza kutoboa, nepia hutoa utomvu unaonata, na wengi wao hufa humo. Kule chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu inacheza mchezo wa pili. Hutoa kemikali inayoziamsha mbegu za kayongo kana kwamba mzizi wa mhindi umekaribia. Kisha hutoa nyingine inayozuia kichipukizi kukua na kujishikiza. Mbegu huamka, hukosa pa kushika, hufa. Wanasayansi wanakuita huku kuota kwa kujiua. Isitoshe, desmodiamu hurutubisha udongo kwa naitrojeni, na mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe. Katika makala yao ya mwaka wa 2014 watafiti hao walieleza kwamba mavuno ya mahindi yalipanda kutoka takribani tani 1 hadi tani 3.5 kwa hekta. Viwavijeshi walipoingia nchini mnamo 2017 na kuwatia wakulima kiwewe, utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba katika mashamba yenye aina ya mbinu hii inayostahimili ukame, idadi ya viwavi kwa kila mmea ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Hadithi haijakamilika. Katika miaka ya karibuni watafiti wengine wamechapisha matokeo yanayodai kwamba desmodiamu haimsukumi nondo kamwe, ila huwanasa wadudu wadogo kwa vinyweleo vilivyo kwenye majani yake. Wengine wanasimama na maelezo ya awali. Mjadala ungali moto. Kichuguu cha Harare tena! Mimi, mtafsiri, nimebaki na jina lenye vitenzi viwili, mojawapo kikiwa mahakamani.

Hapa ndipo ugumu wa pili ulipoanza. Utangulizi wa kijitabu ulidai kwamba mkulima akiiga maumbile atapata mavuno na pia haki, kwa vile maumbile ni "jumuiya inayoshirikiana". Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kabla ya kuitafsiri. Msomaji, hebu rudi kwenye msuko niliousimulia. Nyasi inamhadaa mama ili awatagie watoto wake kwenye gundi. Mzizi unaiamsha mbegu kwa ahadi ya uongo. Hizi ni hila za Sungura, na ndizo zinazotulisha. Sioni lawama yoyote hapo, maana nyasi haina nia. Lakini anayetafuta mfano wa haki katika hila hizi anatafuta mahali pasipo nacho. Maumbile yanajua kupanga, hayajui kugawa. Swali la nani anakula, nani anamiliki, nani anaamua, halimo katika kichuguu wala katika nepia.

Fasihi yetu ililiona hili mapema. *Kasri ya Mwinyi Fuad*, riwaya ya Shafi ya mwaka wa 1978, inatupeleka Zanzibar, kwenye shamba ambalo kwa macho ya mpita njia ni bustani ya neema. Uzuri wa mimea haumpunguzii Kijakazi, mtumishi wa Fuad, hata chembe ya mateso yake. Kihamba nacho, pamoja na hekima yote ya tabaka zake, kwa desturi hurithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume. Msitu wa asili ulioigwa kwa ustadi wa karne nyingi haukuwahi kuamrisha kwamba binti asirithi. Watu ndio walioamrisha.

Mbegu ni mfano mwingine. Kwa miaka mingi Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, yaani Sura ya 326 ya Sheria za Kenya, ilimweka mkulima katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Haya yalikuwa sheria hali Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji. Mnamo 2022 kundi la wakulima wadogo lilikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Nilipousoma uamuzi huo katika magazeti niliwaza kuhusu somo letu. Mwaka wa 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo lahaja nyingine zimekuwa zikitazamwa kama mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Tunayo mengi ya kulalamikia kuhusu usanifishaji. Ila sijasikia mtu aliyetishiwa kifungo kwa kumwazima jirani yake neno la Kiamu.

Desmodiamu haikuwafikia akina mama wa kijijini kwetu, huko Siaya, kwa njia ya mifuko ya dukani. Mbegu zake zilikuwa bei ghali na mara nyingi hazikupatikana. Bahati nzuri mmea huu huota pia kutokana na vipande vya shina lake. Mwanamke mmoja aliupata kutoka kwa mkulima mwenzake ng'ambo ya mto, akaupanda. Ulipotambaa akawakatia wenzake. Niliwaona wakibeba vipande hivyo katika magunia yaliyoloweshwa maji, wakitembea asubuhi mapema kabla ya jua kuvikausha. Sikuwauliza kama walikuwa na habari ya Sura ya 326.

Kuhusu elimu, kijitabu cha Kiingereza kilijaa sentensi za namna ya "wakulima watafundishwa" na "wakulima wafanywe waelewe". Sarufi inatufunza kwamba katika kauli ya kutendwa mtenda anaweza kufichwa asionekane, na katika uandishi wa maendeleo mtenda huyo hufichwa daima. Mkulima hubaki mtendwa asiye na swali. Ilhali mbinu ya sukuma-vuta yenyewe ilienea kwa kiasi kikubwa kupitia wakulima waliowafundisha wakulima wenzao, katika siku za maonyesho mashambani na katika mabaraza. Nilizigeuza sentensi hizo, moja baada ya nyingine, hadi mkulima akawa kiima. "Mwulize jirani aliyepanda." "Linganisha mistari miwili uone." Hakuna aliyenipinga. Pengine hakuna aliyelinganisha tafsiri na matini chanzi, jambo ambalo wahadhiri wetu watalisikitikia.

Sentensi iliyonishinda ni ile ambayo mtu yeyote angeipita bila kusita: panda mabingobingo kuzunguka shamba lako.

Mama yangu ni mjane. Analima robo tatu ya ekari ambayo hati yake ingali kwa jina la babu yangu, aliyefariki nikiwa shule ya msingi. Baba naye ametangulia. Urithi haujagawanywa, kama ilivyo katika maboma mengi tunayoyajua, na mpaka kati ya sehemu ya Mama na ya Baba Mdogo unajulikana kwa kumbukumbu na kwa mti mmoja wa mkuyu. Kayongo ilikuwa imelikalia shamba hilo tangu utoto wangu. Mama alipopata vipande vya desmodiamu hakuna aliyesema neno. Majani yanayotambaa yanafanana na matembele, na matembele hayamtishi mtu. Alipoleta vipande vya nepia, Baba Mdogo aliitisha kikao.

Tulizungumza kwa Kidholuo, nami nayatafsiri maneno yao nikiyapunguza ukali. Baba Mdogo si mtu mbaya. Ndiye aliyeuza fahali wake nilipokosa karo ya kidato cha tatu. Alisema, "Shemeji, panda mahindi, panda maharagwe, hata mtama. Hayo yanavunwa, ardhi inabaki kama ilivyokuwa. Nyasi hizi hazing'oki. Mtu akipanda kitu kisichong'oka ameweka alama." Kisha akanigeukia: "Na wewe, binti yangu, usione nasema vibaya. Kesho utakuwa na kwako."

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia Katiba, Kifungu cha 60, kinachopinga ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Nilikuwa hata nimekinakili. Mama alinizuia kwa mkono, akamwuliza Baba Mdogo kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo nipande tu vitu vinavyokufa kila mwaka, ili nami nionekane napita?"

Sijasoma, katika maandishi yote ya kilimo endelevu niliyoyapitia kwa ajili ya kijitabu hicho, sentensi inayolieleza tatizo kwa ukamilifu kuliko swali hilo. Wanaotetea kilimo cha kuiga maumbile wanasifu mimea ya kudumu: inashika udongo, haihitaji kulimiwa kila msimu, inajirutubisha. Yote ni kweli. Lakini kudumu ni dai. Mpangaji aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda kitu kitakachokomaa msimu wa tatu. Mjane ambaye ukaaji wake unategemea hisani ya shemeji hawezi kupanda ukuta. Mmea wa mwaka mmoja ndio mmea wa mtu asiye na uhakika wa mwaka ujao, na kwa hiyo mbinu inayosifiwa kwamba ni ya maskini inaweza, pasipo mtu kukusudia, kumfaidi kwanza yule mwenye hati miliki. Watafiti wa sukuma-vuta wenyewe wameitaja haki ya ardhi miongoni mwa mambo yanayoamua nani ataipokea mbinu hiyo. Kijitabu kilitumia kurasa nne kueleza umbali kati ya mistari na hakikuwa na hata aya moja kuhusu ruhusa.

Niliwaandikia walionipa kazi nikipendekeza ukurasa mmoja zaidi, wenye kichwa "Kabla ya Kupanda", utakaoeleza mazungumzo ambayo mkulima asiye na hati anaweza kuhitaji kuwa nayo na wenye ardhi, na pia haki anazopewa na sheria. Walinijibu kwa heshima kwamba kijitabu ni cha kiufundi na kwamba masuala ya urithi yangekifanya kionekane cha kisiasa. Nilishangaa kidogo, nikikumbuka yale maneno "haki ya kijamii" katika utangulizi, lakini mtafsiri ni mwajiriwa. Kilichobaki mikononi mwangu ni kimilikishi kimoja. Nililifuta neno "lako" kila lilipoandamana na shamba, nikaandika "shamba unalolima". Mara 41, nimezihesabu. Kitenzi kina ushahidi wake: anayelima anajulikana hata pale ambapo anayemiliki hajulikani. Mhakiki mmoja atasema kwamba nimepotoka kutoka kwenye chanzo, na kwamba hakuna mkulima atakayeitambua tofauti. Inawezekana. Tungependa kuamini, sisi wa idara za lugha, kwamba neno moja hubadilisha ardhi, na imani hiyo hutuliwaza kuliko inavyomsaidia mtu mwenye jembe. Hata hivyo sikuweza kuandika "lako" huku nikijua ni wangapi watakaolisoma wakiwa wamesimama juu ya ardhi ambayo hawawezi kuiita yao.

Kile kikao kilimalizika kwa maafikiano ya aina yake. Mama aliruhusiwa kupanda nepia pande tatu. Upande wa nne, unaopakana na Baba Mdogo, uliachwa wazi ili mpaka usije ukaota mizizi kabla ya urithi kugawanywa. Kitaalamu, nadhani, huo ni mtego wenye mlango: nondo wanaotoka kwenye mahindi ya Baba Mdogo hawana nyasi ya kuwapokea. Pamoja na hayo kayongo imepungua sana kufikia msimu wa tatu, kwa kuwa kazi ya kuizima hufanywa na desmodiamu iliyo ndani ya shamba, na mavuno ya Mama yamepanda kutoka magunia mawili na debe hadi matano. Yeye huyapima kwa magunia. Habari ya hekta aliniachia mimi. Ombi la kuanzisha kesi ya mirathi limekuwa kwenye faili mahakamani tangu mwaka jana, kwa jina la Mama na la Baba Mdogo wote wawili, na tarehe ya kusikizwa imeahirishwa mara mbili.

Wakati wa kiangazi kilichopita malisho yalikauka kote kijijini isipokuwa kwenye zile pande tatu. Baba Mdogo alimtuma mwanawe mdogo aje aombe mzigo wa nepia kwa ajili ya ng'ombe wake. Mama alichukua mundu, akakata mizigo miwili, akamtwika mtoto mmoja na wa pili akaubeba mwenyewe hadi kwake, akipitia upande ule wa wazi.